Mvua ya Juzi Imekwenda Wapi? Jinsi Udongo Unavyokauka na Joto la Ardhi Linavyopimwa

Mvua ya kwanza ya maana ya masika ilitunyeshea usiku, kwenye shamba letu la tambarare upande wa Kahe, kusini mwa mji wa Moshi. Chombo nilichokitega juu ya nguzo ya uzio kilishika milimita 22. Kulipokucha udongo ulikuwa mweusi, unanata kwenye viatu, na kila mtu alikuwa shambani na jembe lake. Siku ya nne jirani yangu Baba Neema aliokota donge, akalifinya, likatoka vumbi kati ya vidole vyake.

"Mwalimu," akasema, "mvua ya juzi imekwenda wapi?"

Nikamjibu kama ambavyo wengi tungejibu: nyingine imezama, nyingine imekaushwa na jua. Hakuridhika. "Sawa. Iliyozama kiasi gani, na iliyokaushwa kiasi gani?"

Nafundisha fizikia sekondari, na swali hilo sikuwa na jibu lake. Nimelitafuta tangu siku ile, na nimegundua kwamba huwezi kulijibu kwa kuyatazama maji peke yake. Inabidi uliandame joto.

Tuanze na milimita. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwenye kila mita ya mraba. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, kwa hiyo milimita zile 22 zilikuwa zaidi ya lita 89,000 kwa ekari, yaani matenki ya plastiki ya lita elfu moja yapatayo 89, yamepangwa kwenye shamba ambalo siku ya nne lilikuwa linatimka vumbi.

Maji hayo hayawezi kuondoka bure. Ili kilo moja ya maji igeuke mvuke katika halijoto ya kawaida ya shambani, inahitaji takriban megajuli 2.45 za nishati. Kiasi hicho ni zaidi ya mara saba ya joto la kuitoa kilo hiyohiyo kwenye nyuzi 20 mpaka nyuzi 100. Na joto hilo likishaingia kwenye maji yanayovukiza, thamometa hailioni. Ndiyo maana linaitwa joto fiche. Mwanasayansi Joseph Black alilieleza alipokuwa akifundisha Glasgow, Uskoti, miaka ya 1760, lakini bibi zetu walikuwa wakilitumia kila siku: maji ya mtungi hubaridi kwa sababu mtungi unavuja jasho kupitia kuta zake, na jasho hilo linapovukiza hubeba joto la maji yaliyobaki ndani. Mtungi uliopakwa rangi ya mafuta kwa nje hauwezi kukupa maji ya baridi.

Shamba lililolowa ni mtungi mkubwa. Mchana wa jua kali, nishati inayobaki kwenye uso wa ardhi baada ya kuondoa ile iliyoakisiwa na ile iliyorudi angani yaweza kufika wati 500 au 600 kwa kila mita ya mraba. Sisi huku tuko nyuzi tatu na kidogo tu kusini mwa Ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu na katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, na mara zote mbili ni wakati wa kusubiri mvua au kuipokea. Nishati hiyo ina njia tatu za kupita: kupasha hewa iliyo juu ya udongo, kuzama ardhini na kupasha udongo wenyewe, au kugeuza maji kuwa mvuke. Jumla ya hizo tatu lazima ilingane na kilichoingia. Hakuna wati inayopotea njiani. Kwa hiyo ukizijua mbili kati ya tatu, na jumla yake unaijua, ya tatu unaipata kwa kutoa tu. Sehemu kubwa ya vipimo vya uvukizi duniani imesimama juu ya hesabu hiyo, ukiwemo mlinganyo maarufu ambao mwanasayansi Howard Penman aliutoa mwaka 1948 akiwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alipounganisha nishati ya jua na nguvu ya upepo na ukavu wa hewa.

Ugumu ni kwamba udongo, tofauti na bwawa, haukauki kwa mwendo mmoja.

Fikiria kibatari. Utambi ukiwa umezama kwenye mafuta ya kutosha, mwali unawaka kadiri upepo na hewa vinavyoruhusu. Mafuta si tatizo. Mafuta yakishuka, utambi unajitahidi kuyavuta kutoka chini, mwali unapungua. Yakishuka zaidi, utambi unabaki mkavu juu na kinachofuka ni harufu tu. Udongo una vitundu vyembamba vinavyovuta maji kwenda juu kama utambi unavyovuta mafuta, na hupita hatua tatu hizohizo.

Hatua ya kwanza uso wa udongo umelowa. Kasi ya kukauka inaamuliwa na jua, upepo na ukavu wa hewa, wala udongo hauna neno. Siku ya jua tambarare huku yaweza kuondoka milimita 4 au 5, karibu sawa na beseni la maji lililoachwa wazi. Hatua hii hudumu siku moja hadi tatu, kutegemea aina ya udongo na ukali wa jua. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwenye mwongozo wake wa mahitaji ya maji ya mimea wa mwaka 1998, limekadiria kwamba udongo wa tifutifu hutoa milimita 8 hadi 10 katika hatua hiyo kabla haujaanza kusuasua. Mchanga hutoa 2 hadi 7 tu, kwa kuwa vitundu vyake ni vipana na haviwezi kuvuta maji kutoka mbali.

Hatua ya pili huanza pale maji yanapodaiwa juu kwa kasi ambayo chini hapawezi kuitimiza. Uso unapauka. Hapa sasa bwana mkubwa ni udongo: upepo uvume, jua liwake, kinachotoka ni kile ambacho vitundu vimeweza kukifikisha. Kuna kanuni rahisi ya hatua hii. Jumla ya maji yaliyotoka hukua kwa kufuata kipeuo cha pili cha muda. Kama siku ya kwanza ya hatua hii zimetoka milimita 3, ili zifike 6 utasubiri mpaka siku ya nne, na ili zifike 9 mpaka siku ya tisa. Udongo unakuwa mchoyo kadiri siku zinavyokwenda.

Hatua ya tatu juu kumekuwa na tabaka kavu kabisa, na maji yanatoka yakiwa tayari mvuke, yanapenya taratibu kati ya chembe kama harufu inavyopenya chini ya mlango. Ni kidogo sana, lakini huendelea kwa wiki kadhaa.

Jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote limo hapo katikati. Watu wengi hudhani maji huvukiza juu ya uso wa udongo. Ni kweli kwa siku moja au mbili. Baada ya hapo mahali pa kuvukizia hushuka. Maji hupanda yakiwa maji hadi sentimita moja au mbili, baadaye tatu chini ya uso, na hapo ndipo hugeuka mvuke. Juu yake kuna tabaka kavu kama blanketi. Ukitaka kuliona kwa macho yako, nenda shambani siku ya nne baada ya mvua, chota udongo kwa ncha ya panga pole pole: juu kijivu, halafu ghafla mstari mweusi, mkali kama umechorwa. Mpaka ule ndio jiko la uvukizi.

Na nenda pia alfajiri, kabla ya saa 12 na nusu. Utakuta uso uliokuwa umepauka jioni umerudi kuwa na weusi kidogo, hasa kwenye udongo laini. Si umande peke yake. Usiku uso hupoa kuliko chini, jikoni pale panapumzika, na maji yaliyo chini hupata nafasi ya kupanda tena, mengine kwa vitundu, mengine kama mvuke unaotoka kwenye joto la chini na kugeuka maji tena kwenye ubaridi wa juu. Mama yangu husema udongo "umelala ukatoa jasho". Ikifika saa 3 au 4 asubuhi weusi umetoweka. Jasho lile ndilo lililokuwa mgawo wa siku.

Joto nalo linapimwaje?

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Halijoto ni ukali wa joto mahali fulani, na thamometa inakupa. Mtiririko wa joto ni kiasi cha nishati kinachopita kutoka hapa kwenda pale kwa sekunde, na thamometa moja haiwezi kukuambia hilo, kama vile kuona kina cha maji ya mfereji kwa jicho hakukuambii lita ngapi zinapita.

Hata hivyo thamometa ni mahali pazuri pa kuanzia. Vituo vya hali ya hewa huzika thamometa za udongo kwenye vina vya sentimita 5, 10, 20, 50 na 100. Mimi na wanafunzi wangu tulizika tatu za kwanza kwenye bustani ya shule, tukazisoma kila saa kuanzia asubuhi hadi usiku. Wanafunzi walitegemea zote zipande na kushuka pamoja. Ya sentimita 5 ilifika kileleni alasiri. Ya 20 ilikuwa bado inapanda wakati wa chakula cha usiku. Mmoja akauliza kama imeharibika.

Haikuharibika. Joto la mchana hushuka kwenye udongo kama wimbi, na udongo ni mzito wa kulipitisha. Kwenye udongo wa kawaida wenye unyevu kiasi, kila sentimita 12 hivi wimbi hilo linabaki na karibu theluthi ya nguvu yake na linachelewa kwa karibu saa nne. Kwa hiyo joto la saa 7 na nusu mchana hufika kwenye sentimita 20 kiasi cha saa 2 usiku, na limebaki na kama sehemu moja ya tano ya nguvu yake. Kwenye sentimita 50 mchana na usiku ni karibu kitu kimoja. Mbegu ya mahindi iliyofukiwa sentimita 5 inaishi kwenye dunia tofauti na mzizi ulio nusu mita.

Sasa, maji hubadilisha yote hayo. Hewa iliyo kwenye vitundu ni kizuizi cha joto. Maji hupitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa. Udongo mkavu hupitisha joto kidogo sana, uliolowa hupitisha mara kadhaa zaidi. Anayefukia makaa kwa majivu usiku ili asubuhi apate pa kuwashia anatumia fizikia hiyohiyo: majivu makavu yamejaa hewa, joto haliondoki. Udongo wetu wa majivu ya volkano, wa miteremko ya Kilimanjaro na ule wa Meru upande wa Arusha, una vitundu vingi na ni mwepesi mkononi, kwa hiyo ukikauka juu unakuwa blanketi zuri.

Upande wa pili ni uwezo wa kubeba joto. Mita moja ya ujazo ya maji huhitaji megajuli 4.18 ili ipande nyuzi 1. Udongo mgumu wenyewe, bila maji wala hewa, kama megajuli 2. Chukua udongo ambao nusu yake ni chembe na robo yake ni maji: unahitaji takriban megajuli 2 kwa kila nyuzi. Maji yakishuka hadi sehemu moja ya ishirini, unahitaji megajuli 1.2 tu. Kwa joto lilelile, uliokauka utapanda kwa haraka zaidi. Ndiyo maana vumbi la barabarani Mabogini saa 8 mchana linachoma nyayo wakati majaruba ya mpunga hatua kumi pembeni ni ya kupendeza kwa miguu mitupu.

Kifaa kinachotumika zaidi kupima mtiririko wenyewe ni kisahani. Ni duara jembamba, upana wa sentimita 4 hadi 8 na unene wa milimita chache, limejaa ndani vinyaya vya metali mbili tofauti vilivyoungwa pamoja, viitwavyo themokapo. Upande wa juu wa kisahani ukiwa na joto kuliko wa chini, vinyaya hivyo huzalisha umeme mdogo mno, wa kuhesabiwa kwa sehemu za milioni za volti. Umeme ukiongezeka, joto linalopita limeongezeka. Usiku alama inageuka: joto linapanda kurudi juu.

Mtu angedhani kisahani kingewekwa juu kabisa, palipo na shughuli. Hakiwekwi. Kikiwa juu kingepigwa na jua moja kwa moja, na kibaya zaidi, kingezuia mvua kuingia na mvuke kutoka, hivyo ungekuwa unapima udongo uliouharibu mwenyewe. Huzikwa sentimita 5 hadi 8. Lakini hapo kinakosa joto ambalo tabaka la juu yake limelimeza. Hilo lazima lihesabiwe kwa thamometa ndogo zilizozikwa kati ya kisahani na uso, na si hesabu ya kupuuza. Chukua tabaka la sentimita 5 lenye uwezo wa megajuli 2 kwa mita ya ujazo, likipanda nyuzi 3 ndani ya saa moja asubuhi. Limemeza karibu wati 83 kwa mita ya mraba. Mtu asiyeziongeza atasema ardhi inapokea joto dogo asubuhi, na atadanganyika vibaya.

Kuna tatizo jingine. Kisahani si udongo. Kama kinapitisha joto kwa shida kuliko udongo unaokizunguka, joto hukipita pembeni, kama maji ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, yanavyolizunguka jiwe lililokaa katikati. Mwanasayansi John Philip wa Australia alitoa hesabu ya kusahihisha hitilafu hiyo mwaka 1961. Udongo nao haukai mmoja; jana ulikuwa umelowa na leo umekauka, kwa hiyo kosa lenyewe linabadilika kila siku. Visahani vya kisasa vingine vina kihita chembamba juu yake kinachowashwa kila baada ya muda ili kujisahihisha.

Tatizo kubwa kuliko yote ni lile jiko. Tumesema siku ya nne maji yanavukizia chini ya uso. Joto linaingia ardhini, linashuka sentimita mbili, linakuta maji, linageuzwa kuwa joto fiche na kurudi angani likiwa mvuke. Kisahani kilichozikwa sentimita 6 hakilioni kabisa, kwani halikufika. Ukikisogeza juu, sentimita moja, kitaliona, lakini kitaliandika kama joto lililoupasha udongo. Na wewe ukiwa umeshalihesabu kwenye uvukizi kwa chombo kingine, utakuwa umehesabu kitu kimoja mara mbili. Wapimaji walisumbuka na jambo hilo kwa miaka mingi, vitabu vyao vya hesabu vikikataa kulingana.

Suluhisho lililonivutia kuliko yote lilitoka Iowa, Marekani, ambako mwaka 2008 Joshua Heitman, Robert Horton na wenzao walichapisha matokeo ya kutumia sindano za joto. Sindano tatu nyembamba, zimepangwa sambamba kwa umbali wa milimita 6, zinazikwa kwa upande. Ya katikati inapashwa kwa sekunde chache tu. Zile mbili za pembeni zinasikiliza joto litafika lini na litapandisha halijoto kiasi gani, hata isipofika nyuzi 1. Likichelewa, udongo unapitisha kwa shida. Likifika dogo, udongo unabeba sana, maana yake una maji. Kutokana na mshtuko huo mdogo unajua udongo wa pale hasa, saa ile, unapitisha joto namna gani. Na kwa kuwa sindano zenyewe zinasoma pia halijoto ya kawaida kwenye vina tofauti, unaweza kuhesabu joto linaloingia juu ya tabaka dogo na linalotoka chini yake.

Tuseme mchana mmoja juu ya tabaka zinaingia wati 200, chini zinatoka 90, na tabaka lenyewe limepanda joto kwa kumeza wati 20. Zimebaki wati 90 ambazo hazikwenda chini wala hazikupasha. Zimekwenda wapi? Zimevukiza maji. Gawanya kwa joto fiche, unapata milimita 0.13 kwa saa, kutoka kwenye kina kile hasa. Udongo umekamatwa ukivukiza kutoka ndani, kwa kufuata joto lililopotea. Njia hii ina mpaka wake: haioni milimita chache za juu kabisa, kwa hiyo siku mbili za mwanzo, wakati uvukizi uko usoni, haifai. Inaanza kuona pale kisahani kinapopofuka.

Shuleni sindano hizo hatuna. Kilichopo ni mizani.

Nilianza kwa makopo ya maziwa ya unga, nikayajaza udongo na kuyafukia mpaka midomo iwe sawa na ardhi. Nilikosea. Bati linabeba joto kutoka juu kulishusha pembeni mwa udongo, na makopo yalikauka haraka kuliko shamba. Nikahamia kwenye vipande vya bomba la plastiki la inchi 4, urefu wa sentimita 15. Unakigongomea chote ardhini kwa nyundo juu ya ubao, unakichimbua na udongo wake bila kuuvuruga, unaziba chini kwa kipande cha turubai kilichofungwa kwa mpira wa tairi, unakirudisha kwenye tundu lake. Kila siku saa 1 asubuhi unakitoa, unakifuta, unakipima. Kwa upana wa sentimita 10, milimita 1 ya maji ni karibu gramu 8. Mizani ya dijitali ya jikoni inatosha. Kwa kuwa chini pamezibwa, baada ya siku chache udongo wa ndani huachana na wa nje, hivyo ukitaka kuendelea unachimbua kipande kipya.

Baada ya mvua ya pili nilitega viwili kwenye shamba la Baba Neema. Kimoja wazi, kimoja nimekifunika kwa mabua yaliyokatwakatwa, unene wa kiganja. Cha wazi kilipoteza gramu 39 siku ya kwanza, kisha 33, kisha 19, kisha 13. Ukiangalia tu namba hizo unaona mahali ambapo hatua ya kwanza imekatika: kati ya siku ya pili na ya tatu. Jumla gramu 104, milimita 13 na kidogo. Chenye mabua kilipoteza 12, 12, 11, 11. Jumla 46, chini ya milimita 6.

Hapo nikawa na jibu la Baba Neema. Kwenye ardhi iliyokuwa kavu, mvua ya milimita 22 hailowanishi tifutifu kupita sana sentimita 15 hadi 20, na tabaka la sentimita 10 hadi 15 za juu ndilo ambalo uvukizi unaweza kulifikia. Mwongozo ule wa 1998 unaweka jumla inayoweza kuvukiza kwenye tifutifu kuwa milimita 16 hadi 22. Maji yake hayakuzama mbali. Zaidi ya nusu yalikwisha kurudi juu siku ileile aliyofinya donge, na yaliyobaki yalikuwa njiani.

Namba za mabua zinahitaji uangalifu, maana wengi huzisoma vibaya. Matandazo hayaongezi maji. Yanapunguza jua linalofika kwenye udongo na kuweka hewa tulivu kati ya unyevu na upepo, kwa hiyo hatua ya kwanza inakwenda polepole. Lakini pia inakwenda kwa muda mrefu zaidi. Tazama namba: siku ya nne, chenye mabua kilipoteza 11 na cha wazi 13, wamekaribiana. Mvua isiponyesha wiki tatu, vyote viwili vitakaribia ukavu uleule. Faida iko kwenye siku kumi za mwanzo, na hizo ndizo ambazo mahindi yanaota na kushusha mizizi. Mvua ikinyesha kila wiki, kama masika mazuri, faida inajirudia kila mara. Na mzizi ukishafika chini ya sentimita 15, umeyafikia maji ambayo uvukizi hauyawezi.

Kupalilia kijuujuu baada ya mvua kunafanana na hilo kwa njia nyingine. Jembe linapokata sentimita mbili tatu za juu, linakata utambi. Udongo uliokatwa unakauka upesi, unakuwa blanketi, na vitundu vya chini havina pa kupitia. Wazee waliokuwa wakisema palizi ya mapema ni nusu ya umwagiliaji hawakukosea. Ila ukichimbua kwa kina, umeleta udongo uliolowa juu na kuukabidhi kwa jua.

Sehemu nyingine za Kahe utambi huo una madhara mabaya zaidi. Pale maji ya chini yako karibu, udongo huyavuta juu mwaka mzima, mvua iwepo isiwepo. Maji yanavukiza, chumvi haivukizi. Ile rangi nyeupe ya magadi unayoiona kiangazi juu ya ardhi ni hesabu ya uvukizi wa miaka mingi, imeandikwa ardhini kwa mkono wa udongo wenyewe. Kumwagilia zaidi bila njia ya kutoa maji kunayainua maji ya chini na kuikoleza.

Kupanda mlimani habari inabadilika. Kwenye kihamba cha mama, yaani shamba la nyumbani la Kichaga, huko Kibosho kwenye mteremko wa Kilimanjaro, jua linafika chini kwa vipande vipande kupitia mgrivea na migomba, na ardhi imefunikwa majani. Nilizika thamometa sentimita 5 pale na nyingine kwenye uwanja wa wazi wa jirani, saa 8 mchana. Tofauti ilikuwa nyuzi 9. Mama alinitazama nikiandika, akaniuliza, "Mwanangu, hilo si ungeweka mkono tu?"

Ila ng'ombe wake, aliye bandani, ndiye anayekula mabua ya tambarare. Kila baada ya mavuno pikapu hupanda mlima zimejaa mabua hadi juu ya kichwa cha dereva. Kule chini tunayaita mabaki. Kule juu ni chakula, na samadi yake inabaki kule juu. Nimejaribu kumshawishi Baba Neema asiuze yote. Sikumwambia aache kuuza, maana fedha ya mabua ndiyo inayonunua mbegu. Nilimwonyesha vile vipande viwili vya bomba na daftari.

Msimu huu ameuza ya nusu ya shamba, nusu nyingine ameyalaza kati ya mistari. Vipande vya bomba tumevitega pande zote mbili na mizani nimemwachia. Kila saa 1 asubuhi ananitumia ujumbe kwenye simu. Wa leo, siku ya pili baada ya mvua: "Shikamoo mwalimu. Wazi 35, mabua 13. Wazi umeanza kupauka upande wa barabarani."